Pua ya Royston Thurtle

Mjini Norwich watu wa baa walikuwa na usemi wao: ukitaka kujua kama bia imeharibika usimwulize mwenye pipa, mwulize Royston Thurtle. Mwenye pipa atalitetea pipa lake kama mama anavyomtetea mwanawe mwizi. Royston hakuwa na pipa wala upande. Alikuwa na pua tu.

Pua yenyewe ukiitazama hukuona ajabu. Ilikuwa fupi, nyekundu kwenye ncha, pua ya mtu aliyezaliwa kwenye baridi. Lakini alipokuwa na miaka kumi na sita, kibarua wa kuosha mapipa katika kiwanda cha bia kando ya mto, alikataa kuosha pipa moja. Akasema lina paka aliyelowa ndani. Msimamizi akacheka, vibarua wakacheka, mmoja akaanza kulia nyau nyau. Fundi alipolipasua pipa lile, alikuta ubao mmoja umeoza kwa ndani, ufa wake mwembamba kama uzi, na hakuna mwingine aliyekuwa amehisi kitu. Siku ya pili Royston akavuliwa magambuti, akavalishwa koti jeupe na kupelekwa chumba cha kuonjea bia. Akakaa humo miaka kumi na minne, mpaka kiwanda kilipofungwa.

Baada ya hapo akaendesha gari la mikate. Alipeleka mikate kwenye maduka na mashule hadi akatimiza miaka arubaini na minane. Mkewe Glenys ndiye aliyemwambia siku moja wakiwa mezani, yeye akiwa amekwisha anza kueleza kwa nini bia ya mwaka ule haikuwa kama ya mwaka jana: "Roy, mimi mahubiri haya nimeyasikia tangu tuchumbiane. Kayahubiri nje basi, kwa watu ambao hawajayasikia."

Akayahubiri nje. Kila Jumamosi saa tano asubuhi alisimama mbele ya lango la kanisa kuu, kofia ya sufu kichwani, fimbo mkononi, na wageni kumi au kumi na wawili wakimzunguka. Aliwapitisha katika baa tano za kale, na katika kila baa walipata nusu glasi ya bia na kipande cha chakula cha nyumba ile. Aliwaeleza juu ya wafumaji waliokimbia vita ng'ambo ya bahari wakaja na vitambaa vyao na ndege wao wa manjano. Aliwaonyesha mihimili iliyotoka kwenye merikebu zilizovunjwa, na milango mifupi ambayo mtu akisahau kuinama alikumbushwa na paji la uso wake. Wageni walifurahi. Lakini hakuna kilichowafurahisha kama jambo alilolifanya kabla ya kila mlo. Sahani ilipoletwa alivua kofia, akafumba macho, akaiinamia na kunusa. Chumba kizima kilinyamaza. Kisha alisema, "Iliki kidogo. Na mpishi ameunguza kitunguu, lakini kidogo tu, msimseme." Na mpishi huko nyuma aliapa kwamba ni kweli.

Baa aliyoipenda kuliko zote iliitwa Korongo Watatu. Ilikuwa nyuma ya kanisa, karibu na mto, kuta zake za mawe ya gumegume zimejipinda kama mtu aliyelala vibaya. Aliyeishika alikuwa Verity Larter, mwanamke mpana wa miaka hamsini na minane, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kabla yake aliishika baba yake, na kabla ya baba babu, na kabla ya babu mama yake babu. Chakula chao kilikuwa kaa: nyama ya kaa wa pwani ya kaskazini, ikapondwa na basibasi na pilipili, ikashindiliwa kwenye vibakuli vidogo na kufunikwa kwa siagi iliyoyeyushwa. Verity hakukitoa kibakuli hata kimoja siku ya Jumamosi kabla Royston hajakinusa.

"Hiyo pua yako," alikuwa akimwambia, "ukifa uniachie. Nitaitundika pale juu ya kaunta."

"Nikikuachia pua, Glenys atabaki na nini cha kunitambulia ahera?"

"Atakutambua kwa domo."

Na mzee Percy Bunn, ambaye alikalia kiti cha pembeni ya moto tangu alipostaafu, aliongeza kila mara: "Domo hilo halitaingia ahera, mlango wa huko ni mfupi." Wageni walidhani ni mchezo uliopangwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na minane.

Mwezi wa Machi mwaka 2021 Royston aliugua ule ugonjwa uliokuwa ukizunguka dunia. Alilala siku tisa. Siku ya kumi homa ikamwacha, akashuka ngazi taratibu akishika ukuta, akakaa jikoni mbele ya mkewe.

"Leo hupiki?" akauliza.

Glenys akamtazama. "Kitu gani?"

"Nina njaa. Hukaangi hata kipande cha nyama?"

"Roy, nimeshakaanga. Iko mbele yako."

Ilikuwa mbele yake kweli, vipande vitatu vya nyama ya nguruwe, mafuta bado yanachemka pembezoni. Akaiinamia. Akavuta pumzi. Ilikuwa kama kuvuta pumzi mbele ya dirisha lililofungwa.

Daktari alisema subiri. Akasubiri miezi mitatu. Daktari akampa vichupa vinne vya mafuta, vya limau, waridi, karafuu na mkaratusi, avinuse asubuhi na jioni ili pua ikumbuke kazi yake. Alivinusa mwaka mzima. Pua haikukumbuka. Mkate ulikuwa sifongo, jibini ilikuwa sabuni, na bia, ile bia ambayo alijua shamba la shayiri yake, ilikuwa maji baridi yenye povu. Usiku mmoja maziwa yaliungua jikoni yeye akiwa amekaa hatua mbili tu kutoka jikoni akisoma gazeti, na alijua pale tu alipoona moshi.

Safari za Jumamosi ziliporuhusiwa tena, Glenys alimwambia, "Mwambie Verity. Waambie wote wa baa."

"Niwaambie nini? Kwamba mpiga zeze amekatika mikono?"

"Hivyo hivyo. Waambie hivyo hivyo. Historia bado unayo, miguu unayo, ulimi unao."

"Glenys, historia ipo kwenye vitabu. Kila mtu anaweza kuisoma. Mimi nikiwaambia sina pua, nitakuwa nani?"

Jibu Glenys alilipata siku nyingi baadaye, lakini wakati huo halikuwa na kazi tena.

Basi akaficha. Akajifunza hila kama kipofu anavyojifunza nyumba. Alimchungulia mpishi usoni kabla ya kusema lolote. Aliuliza kimzaha, "Hii umeipika leo au umenipa kiporo cha jana?" na kulipima jibu. Alikumbuka kitoweo cha kila nyumba kilivyokuwa, akakisema kwa kumbukumbu. Alivua kofia, akafumba macho, akainama, na katika giza lile la macho yake yaliyofumbwa hakukuwa na kitu kabisa. Kisha aliinua kichwa na kusema, "Basibasi. Na bahari."

Jambo la kuumiza ni kwamba watu walisema amekuwa bora zaidi. Mtu anayekumbuka chakula hukisifu kuliko anayekila. Mama mmoja kutoka Kanada alimshika mkono akalia, akasema hajawahi kusikia mtu akieleza mkate namna ile. Royston akaomba radhi, akaingia chooni, akakaa humo mpaka alipoweza kutoka.

Ikatimia miaka miwili na miezi minne tangu augue.

Jumamosi moja ya Julai mwaka 2023 joto lilikuwa kali, joto ambalo watu wa Norwich hawakulizoea, na hata bata wa mtoni walikuwa wamejibanza chini ya daraja. Royston alikuwa na wageni kumi na mmoja. Miongoni mwao walikuwamo kina bibi wawili wa Cornwall, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa, Enid Pascoe, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, mgongo umenyooka, miaka sabini na tisa. Mdogo wake, Morwenna, alikuwa mnene na mwenye haya, akitembea nusu hatua nyuma ya dada yake. Enid aliuliza maswali njia nzima na kumsahihisha Royston tarehe mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

"Mwalimu," Royston akamwambia, "ukitaka kofia yangu nitakupa, uendelee wewe."

"Kofia siitaki, ina jasho. Endelea, unafanya vizuri."

Walipofika Korongo Watatu aliwaacha wageni nje kwenye kivuli, akaingia peke yake kama kawaida. Verity alikuwa jikoni, macho mekundu, kitambaa puani.

"Mafua," akasema. "Siku ya tatu. Mafua ya Julai, umeona wapi? Roy, nisikilize. Asubuhi nimekuta mlango wa friji haukufunga sawasawa. Sijui ulikaa wazi tangu saa ngapi. Nimeufunga, friji imepoa. Siagi juu imelainika kidogo tu. Mimi sisikii harufu hata ya petroli. Ninuse nini na pua imeziba? Ninusie wewe. Ukisema kaa wameharibika, nawatupa wote, nitawapa wageni wako mkate na jibini."

Vibakuli kumi na viwili vilikuwa juu ya meza, vimepangwa safu mbili. Royston alivitazama. Siagi ilikuwa ya manjano, safi. Rangi ya nyama ilikuwa rangi ya nyama ya kaa. Alimtazama Verity usoni kama alivyojizoeza, lakini uso wa Verity haukumwambia kitu, maana uso huo ulikuwa ukimsubiri yeye.

Hapo palikuwa na maneno mawili tu ya kusema. *Siwezi, Verity.* Au hata kama aliona haya, angeweza kusema uongo mwingine, uongo mdogo wenye huruma: *Watupe.* Alikuja kuyafikiria hayo baadaye mara zisizohesabika, jinsi uongo ule mwingine ulivyokuwa karibu naye, jinsi ambavyo ungemgharimu Verity vibakuli kumi na viwili na basi. Lakini kama angesema watupe na kaa wakawa wazima, Verity angejua. Au angehisi. Hilo ndilo lililomwingia moyoni wakati ule, na hakuna kingine.

Akavua kofia. Akafumba macho. Akainama.

"Safi," akasema. "Kama wamevuliwa leo."

Verity akashusha pumzi. "Mungu akuweke."

Wageni wakaingia, wakakaa kwenye meza ndefu, vibakuli vikaletwa pamoja na mkate wa kuchoma. Percy Bunn hakuwapo siku hiyo, joto lilikuwa limemweka nyumbani. Royston alianza kueleza juu ya mama yake babu yake Verity, jinsi alivyowafukuza askari kwa mwiko. Kijana mmoja wa Leeds akainua kibakuli chake, akakirudisha chini haraka.

"Mzee, samahani," akasema. "Hii ni sawa? Mbona inanuka kama choo cha stesheni?"

Wenzake wakacheka. Watu wawili wakasukuma vibakuli vyao mbali. Watu kumi na mmoja walimtazama Royston. Na akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ya taratibu, yenye kucheka kidogo, sauti ya miaka ishirini ya kazi:

"Kijana, hiyo ndiyo harufu ya kaa wa zamani. Nyinyi mmezoea kaa wa dukani, waliooshwa mpaka wakasahau bahari. Mababu zetu walisema kaa asiyekupiga pua hajafika mezani."

Hapakuwa na babu yeyote aliyewahi kusema hivyo. Aliibuni hapo hapo.

"Haya," kijana akasema, "babu zenu walikuwa mashujaa," na hakukigusa.

Lakini Enid Pascoe alikuwa mtu wa malezi mengine. "Ukialikwa kwa watu unakula," akasema, si kwa ukali, akachukua kisu akapaka mkate wake. Akala. Morwenna, pembeni yake, alikuwa akikizungusha kibakuli chake kwa kidole. Enid akala cha kwake, na Royston alimwona, alikumbuka vizuri sana kwamba alimwona, akila na kibakuli cha pili. Wengine watatu walikula pia, kwa heshima, nusu nusu.

Jumatatu asubuhi Verity alimpigia simu. Watu wanne walikuwa wanaumwa. Watatu walikuwa wanaumwa hotelini na majumbani. Mmoja, yule bibi mwembamba, alikuwa hospitali.

"Roy, ulisema ni safi."

"Ndiyo."

"Basi labda ni kitu kingine. Labda ni baa nyingine."

"Labda," akasema.

Enid alikuwa na figo mbovu, jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote katika safari ile kwa sababu hakuwa mtu wa kulalamika. Alifariki Alhamisi mchana, mdogo wake akiwa amemshika mguu juu ya shuka, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Royston alificha maradhi yake, na kifo kikaenda kwa mtu mwingine, na yeye hakikumwumbua hata kidogo. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Maana mwezi wa Novemba kulifanyika kikao cha kuchunguza kifo kile, katika chumba chenye madirisha makubwa na maji ya kunywa kwenye majagi, na kila mtu alikuwa mpole. Verity aliitwa kwanza. Alikuwa amepungua, koti limemning'inia. Akasema, "Friji ilikuwa yangu, kaa walikuwa wangu, na jiko ni langu."

Msimamizi wa kikao akamwuliza, "Hakuna aliyewakagua?"

Royston alikuwa safu ya pili, mikono juu ya magoti. Alijua kwamba sasa atatajwa, na sehemu ya moyo wake, sehemu ndogo iliyochoka, ilikuwa ikiomba atajwe.

"Mimi nilikuwa na mafua," Verity akasema. "Ilikuwa kazi yangu kuwatupa. Sikuwatupa."

Hakumtaja. Kwake yeye Royston alikuwa rafiki aliyekosea siku moja katika miaka ishirini, na hakuona kwa nini wazame wawili.

Kisha akaitwa Royston. Aliapa. Msimamizi akamwuliza kama yeye, mtu mzoefu, alisikia harufu yoyote mbaya siku hiyo.

"Hapana," akasema Royston. "Sikusikia harufu yoyote."

Lilikuwa neno la kweli kabisa. Hajawahi kusema uongo mkubwa kama ule. Aliporudi kwenye kiti alimwona Morwenna upande wa pili, amejikunyata ndani ya koti jeusi, akimtazama. Glenys alikuwa nyuma. Glenys hakusema kitu pale, wala kwenye basi, wala nyumbani. Alimwekea chai mezani akapanda juu, na tangu siku hiyo maongezi yao yakawa ya vitu tu: mkate umekwisha, mvua inakuja, kuna barua.

Korongo Watatu haikufunguliwa tena. Hakuna aliyeamuru ifungwe milele. Verity angeweza kusafisha, kukaguliwa, kulipa faini na kuanza upya. Lakini watu hawakuja, na yeye mwenyewe hakuweza kuingia jikoni mle bila kushika ukuta. Mwezi wa Februari akaanza kufungasha.

Royston alikwenda siku ya Jumanne, asubuhi. Alimkuta akifunga glasi kwa magazeti, mbao za ukutani zimebaki na madoa meupe mahali palipokuwa na picha za wazee wake. Verity alifurahi kumwona. Hilo lilimshinda Royston karibu ageuke.

"Njoo unishikie kamba hii," Verity akasema. "Percy alikuja jana, amelia kama mtoto. Nikamwambia mzee, lia nyumbani, hapa bia imekwisha."

"Verity. Sina pua."

"Nini?"

"Sisikii harufu. Sisikii kitu. Tangu nilipougua."

Verity aliendelea kufunga ile glasi hadi mwisho, akaiweka ndani ya sanduku. "Ulipougua lini?"

"Ile homa. Machi, mwaka ishirini na moja."

Akamwona anahesabu. Hakuhesabu miezi. Alikuwa akihesabu Jumamosi, moja moja, kila kibakuli, kila mara aliposimama pale akingoja neno lake.

"Baba alipokufa," Verity akasema polepole, "ile pai yake hakuiandika. Nilijaribu mwaka mzima. Nikakuita wewe uonje, Oktoba ya mwaka juzi. Ukaniambia, 'Verity, mzee amerudi jikoni.' Nilikwenda makaburini siku hiyo nikamwambia."

Royston akayatazama madoa meupe ukutani.

"Ilikuwa na ladha gani, Roy?"

"Sijui."

"Ilikuwa na ladha gani?"

"Verity, sijui. Haikuwa na ladha. Hakuna kitu chenye ladha."

Akatarajia apigwe. Verity alikuwa na glasi mkononi, angeweza. Lakini aliishusha mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba glasi ndiyo iliyokuwa na haki ya kutunzwa, akasema, "Nilikuokoa kule mbele ya watu. Ungeniambia jikoni tu. Ningekucheka wiki moja. Percy angekucheka mpaka kufa. Basi. Ingekuwa hivyo tu, Roy, ungechekwa." Kisha akasema, "Toka nje ya nyumba ya baba yangu."

Akatoka. Aliinama mlangoni kama kawaida, mwili ukikumbuka wenyewe.

Wiki ile ile alimwandikia msimamizi wa kikao barua ya kurasa tatu, akaeleza yote, akaweka na cheti cha daktari. Alingoja aje askari. Baada ya wiki sita ilikuja barua ya ukurasa mmoja. Ilimshukuru. Ilisema maelezo yake yamehifadhiwa kwenye jalada, lakini sababu ya kifo haibadiliki, na wajibu wa usalama wa chakula ulikuwa wa mwenye jikoni; mtembeza wageni hana wajibu huo kisheria. Ilimtakia afya njema. Aliisoma barua ile akiwa amesimama ukumbini, na alipomaliza akaona kwamba mlango wa mwisho nao umefungwa. Hakuna mtu ambaye angemwadhibu.

Akamwandikia Morwenna. Alijua anwani kutoka orodha ya wageni. Barua hiyo aliiandika mara nyingi, na ile aliyoituma ilikuwa fupi kuliko zote. Alisema hakuwa na pua, alijua hana, na alimwambia dada yake kwamba chakula ni salama kwa sababu aliona haya mbele ya kijana mmoja. Hakuomba radhi, maana kila alipoliandika neno hilo lilionekana kama anaomba kitu.

Alitarajia matusi. Aliyahitaji. Yalipokuja majibu, mwandiko ukiwa wa mviringo, wa mtu aliyefundishwa na dada mwalimu, aliyasoma akiwa amekaa jikoni, Glenys akimenya viazi.

Morwenna aliandika kwamba anashukuru kuambiwa ukweli. Kisha akaandika:

"Nami nina langu, na sijamwambia mtu. Mimi nilisikia ile harufu. Niliisikia kabla ya yule kijana. Lakini wewe uliposema ndivyo inavyotakiwa, nikadhani ni mimi nisiye na adabu wala elimu, maana maisha yangu yote Enid ndiye aliyejua mambo. Sikutaka waone nimeacha chakula. Nikamsogezea kibakuli changu nikamwambia, Enid, mimi nimeshiba, nimalizie. Akanimalizia. Daktari alisema kwa figo zake kimoja pengine angekiweza. Pengine. Sijui kwa nini nakuandikia wewe. Labda kwa sababu wewe ndiye mtu pekee niliyebaki naye katika jambo hili."

Royston akaiweka barua mezani. Glenys akafuta mikono, akaichukua, akaisoma, akakaa.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba kuketi naye meza moja bila chakula katikati yao.

"Mjibu," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie halikuwa kosa lake."

"Ataniamini mimi? Mimi, Glenys? Kila nilichomwambia mtu kwamba kiko salama..."

"Najua. Mwambie hivyo hivyo. Huna mwingine wa kumwambia, na yeye hana mwingine."

Akaandika siku hiyo hiyo. *Halikuwa kosa lako. Uliambiwa na mtu uliyestahili kumwamini. Lilikuwa langu.* Akaipeleka mwenyewe posta, akakaa kwenye benchi mkabala na posta zaidi ya saa moja, mvua nyepesi ikimnyeshea, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Jibu halikuja. Ikapita masika, ukapita mwaka. Huenda aliamini, huenda aliichana. Royston hakuandika tena, maana aliona kwamba barua ya pili ingekuwa ya kujitafutia yeye nafuu.

Jumba la Korongo Watatu lilinunuliwa na watu wa London, sasa lina vyumba vya wageni na kufuli za kubonyeza namba. Verity anaishi kwa kaka yake pwani. Wakikutana na Glenys sokoni husalimiana. Jina la Royston halitajwi. Kijana mwingine sasa ndiye anayetembeza watu siku za Jumamosi, na wanasema ni hodari, ingawa hanusi kitu.

Royston ana miaka sabini. Anatembea kila asubuhi kununua mkate, naye huzunguka kwa barabara kuu, njia ndefu ya dakika ishirini, ili asipite mtaa wa Korongo Watatu. Jioni Glenys hupika, humwambia amepika nini, naye hula chote, kwa adabu, mpaka sahani iwe nyeupe.